Kusakinisha APK kwenye simu iliyofungwa na mtandao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye simu ya Android iliyopitia mikononi mwa kampuni ya simu kabla ya kumfikia. Labda ni ile ya AT&T au Verizon uliyotumiwa na ndugu aliyeko Marekani, au ya mtumba uliyoikuta Kariakoo au Luthuli ikiwaka na nembo ya mtandao wa ng'ambo. Labda ni ile unayoilipia kidogo kidogo kila siku. Ninaposema programu ya nje nina maana ya programu yoyote isiyopitia Play Store, yaani faili la APK unalolisakinisha mwenyewe. Wengi wanatozwa pesa na mafundi kwa kazi ambayo simu yenyewe inairuhusu, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Simu yangu ina loki ya mtandao. Lazima ifunguliwe kwanza ndipo niweke APK?

Hapana. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo, kwa sababu neno "loki" linabeba vitu vinne tofauti.

Kuna loki ya laini. Simu inakubali laini ya mtandao mmoja tu. Ukiweka ya mtandao mwingine inakuomba namba ya kuifungulia. Loki hii haijali kabisa unasakinisha nini. Simu ya AT&T isiyosoma laini ya Vodacom bado inaunganishwa na Wi-Fi na kupokea APK kama simu nyingine yoyote.

Kuna loki ya butiloda, ile programu ndogo inayoamsha mfumo simu inapowashwa. Ikiwa imefungwa huwezi kubadilisha mfumo mzima wa Android wala kuruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo) kwa njia ya kawaida. Samsung zinazouzwa Marekani, zile ambazo namba ya modeli huishia na herufi U, na Pixel zilizouzwa na Verizon zinajulikana kwa hili: chaguo la kufungua ama halipo ama limefifia halibonyezeki. Lakini APK haihitaji butiloda iliyofunguliwa.

Ya tatu ni loki ya mkopo, nitaieleza peke yake huko chini kwa sababu ina masharti yake.

Ya nne ndiyo inayotuhusu hasa: kizuizi cha kusakinisha kutoka nje ya duka. Kwenye simu nyingi ni ruhusa ya kuwasha na kuzima tu, iliyo ndani ya mipangilio. Kabla hujamlipa mtu yeyote, jua unapambana na loki ipi kati ya hizi nne.

Mbona nasikia kuna simu za kampuni zilizokataa APK kabisa?

Zilikuwepo kweli, na sifa hiyo mbaya imebaki mpaka leo. Mwaka 2010 AT&T ilianza kuuza Android yake ya kwanza, Motorola Backflip, na kile kisanduku cha "vyanzo visivyojulikana" kilikuwa kimeondolewa kwenye mipangilio. HTC Aria iliyofuata mwaka huohuo ikaja vilevile. Mteja aliyelipia simu yake alibaki na duka la Google tu. Waliojua waligundua mlango mmoja haukufungwa: ukiichomeka simu kwenye kompyuta na kutumia chombo cha wasanidi kiitwacho adb, APK iliingia bila shida. Baadhi wakatengeneza programu za kompyuta zilizofanya kazi hiyo kwa kubofya kitufe, ili hata asiyejua amri aweze.

Kilichoishinda AT&T kilikuwa biashara. Machi 2011 Amazon ilifungua duka lake la programu za Android, na duka hilo lenyewe lilikuwa APK ya nje. Wateja wa mitandao mingine walilipata, wa AT&T wakakaa nje wakilalamika. Mei 2011 kampuni ikaanza kuachia, ikianzia na Samsung Infuse 4G, kisha simu zilizokwisha kuuzwa zikafunguliwa kwa masasisho. Tangu hapo ni nadra kukuta kampuni ya simu imeondoa ruhusa hiyo moja kwa moja.

Basi nasakinishaje, hatua kwa hatua?

Tangu Android 8, iliyotoka 2017, hakuna tena kitufe kimoja cha kuruhusu kila kitu. Unatoa ruhusa kwa programu moja moja. Ukipakua APK kwa Chrome, Chrome ndiyo inayopewa ruhusa. Ukiifungua kutoka kwenye kidhibiti cha faili, ni hicho kidhibiti.

Pakua faili, ligonge. Simu itakuambia kwamba kwa usalama wako hairuhusiwi kusakinisha programu zisizojulikana kutoka chanzo hiki, na itakupa njia ya kwenda kwenye mipangilio. Washa ruhusa, rudi nyuma, gonga Sakinisha. Ukimaliza, rudi ukaizime ile ruhusa. Hatua hii ya mwisho watu wengi huiruka, na ni kosa. Ukiiachia Chrome ruhusa hiyo, tovuti yoyote itakayokushawishi kupakua kitu imeshavuka kizuizi cha kwanza.

Ukitaka kuona ni programu zipi umekwisha kuzipa ruhusa, ingia Mipangilio, Programu, kisha ufikiaji maalum. Maneno hutofautiana kidogo kati ya Samsung, Tecno na Xiaomi, ila orodha ipo. Ukikuta WhatsApp imo humo na imewashwa, izime sasa hivi.

Kitufe cha ruhusa kimefifia, au simu inasema imezuiwa. Nifanye nini?

Kama ni Samsung, angalia kwanza Auto Blocker, iko sehemu ya Usalama na Faragha. Ilianza na One UI 6 (One UI ni sura ya Android ya Samsung) mwaka 2023, na kuanzia One UI 6.1.1 huja ikiwa imewashwa. Inazuia programu zote zisizotoka Play Store au Galaxy Store, na pia amri zinazopitia waya wa USB. Izime, sakinisha, iwashe tena. Kwenye Android 16 kuna pia Ulinzi wa Hali ya Juu wa Google. Ukiwa umeuwasha, nao unafunga njia hiyohiyo.

Kama si hayo, ujumbe ukisema kitu kama "imezuiwa na msimamizi", basi simu ina msimamizi. Inaweza kuwa ya ofisi, ya shule, au ya mkopo. Hapo simu haina hitilafu, mwenye mamlaka juu yake ni mwingine, na yeye ndiye wa kuombwa.

Nina kompyuta. Hiyo adb inatumikaje?

Pakua kifurushi kiitwacho platform-tools kutoka tovuti ya Google ya wasanidi wa Android; ni bure na ni kidogo. Kwenye simu, ingia Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo, igonge mara 7. Chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Humo washa utatuaji wa USB. Chomeka waya. Simu itauliza kama unaiamini kompyuta hiyo, kubali. Kisha kwenye kompyuta, ndani ya folda uliyopakua, andika:

adb devices

Ukiona namba ya utambulisho ya kifaa (si namba unayopigiwa) na neno "device" mbele yake, mmeunganika. Ukiona "unauthorized", hujakubali lile swali kwenye skrini. Halafu:

adb install programu.apk

Ikiisha utaona "Success". Android 11 na kuendelea zinaruhusu pia utatuaji kwa Wi-Fi, hivyo waya ukiwa mbovu kazi haisimami.

Uzuri mkubwa wa adb si kwamba inavuka vizuizi. Uzuri wake ni kukuambia ukweli. Simu ikikataa APK huonyesha maneno mawili matatu tu, "Programu haijasakinishwa", ukabaki unakisia. Adb inataja sababu kwa jina. Baada ya kumaliza, zima utatuaji wa USB, hasa kama una mazoea ya kuchaji simu kwenye kompyuta za watu. Baadhi ya programu za benki hugoma kufunguka utatuaji ukiwa umewashwa.

"Programu haijasakinishwa." Tatizo ni nini?

Sababu ziko chache, na kila moja ina jina lake kwenye adb.

INSTALL_FAILED_UPDATE_INCOMPATIBLE: simu tayari ina programu yenye jina hilohilo la ndani lakini saini tofauti. Soma hapo chini kuhusu saini kabla hujafuta ya zamani, maana huu mara nyingi ni onyo la kweli.

INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS: umepakua faili la prosesa nyingine. Simu nyingi za sasa ni arm64-v8a. Simu za bei ya chini na za zamani mara nyingi hutumia armeabi-v7a, hata pale ambapo chipu yenyewe ina uwezo zaidi, kwa sababu mfumo uliowekwa ni wa biti 32.

INSTALL_FAILED_VERSION_DOWNGRADE: unajaribu kuweka toleo la zamani juu ya jipya. Lazima uondoe jipya kwanza, na data yake itaondoka nayo.

INSTALL_FAILED_USER_RESTRICTED: kwenye Xiaomi hii kwa kawaida ina maana hujawasha "Sakinisha kupitia USB" katika chaguo za wasanidi. Kwenye simu nyingine ni yule msimamizi tena.

Halafu kuna nafasi kujaa, ambayo haihitaji maelezo. Na kuna programu iliyopitwa na wakati: Android 14 hukataa programu zilizoandikwa kwa ajili ya mifumo iliyotangulia Android 6, kwa sababu wadudu wa simu, yaani programu za uharibifu, walikuwa wakijifanya wa kale ili wakwepe mfumo wa ruhusa.

Rafiki amenirushia programu kwa Xender lakini inagoma. Kwake inafanya kazi.

Kurushiana programu ili kuokoa bando ni desturi yetu ya miaka, na zamani ilikuwa inakubali karibu kila mara. Kilichobadilika ni jinsi programu zinavyofungashwa. Tangu Agosti 2021 Google inataka programu mpya zinazoingia Play Store ziwe za vifurushi vilivyogawanywa: kipande kikuu, kipande cha prosesa, kipande cha ukubwa wa skrini, kipande cha lugha. Simu ya rafiki yako ilipewa vipande vinavyoifaa yenyewe. Ukirushiwa kipande kikuu peke yake, programu haiingii, au inaingia na kuzimika mara tu unapoifungua.

Vipande vyote vikiwa kwenye faili moja huja kwa mwisho wa .apks au .xapk, na hilo halifunguki kwa kuligonga. Unahitaji kisakinishi chake, au adb kwa amri ya install-multiple ikifuatiwa na majina ya vipande vyote.

Nitajuaje kama APK ni salama?

Hili ndilo swali ningependa kila msomaji alisome mara mbili.

Kila APK ina saini ya kidijitali ya aliyeitengeneza. Faili likiguswa hata herufi moja, saini haikubali tena. Aliyeligusa analazimika kuweka saini yake mwenyewe. Android huikumbuka saini ya programu uliyoisakinisha mwanzo na hukataa sasisho lenye saini nyingine. Kwa hiyo, ukiwa na WhatsApp ya Play Store, na APK uliyopata kwenye kundi ikagoma kuingia juu yake kwa sababu ya saini, simu inakuambia wazi kwamba faili hilo halikutoka kwa mwenyewe. Mtu atakayekushauri "futa kwanza ile ya zamani ndipo uweke hii" anakushauri uvue ulinzi wako kwa mkono wako.

Kwa vitendo, nenda kwenye chanzo kinachojali saini. F-Droid, iliyoanza 2010, ina programu huria ambazo msimbo wake uko wazi kusomwa. APKMirror hulinganisha saini za matoleo mapya na ya zamani kabla ya kuyaweka, na haipokei programu za kulipia zilizodukuliwa. Na kuna tovuti za watengenezaji wenyewe. Signal, kwa mfano, hutoa APK kwenye tovuti yake ikiwa na alama ya SHA-256 ya cheti, yaani kama alama ya kidole ya saini, ili uilinganishe. Kufanya ulinganisho huo kwenye kompyuta ni amri moja, apksigner verify --print-certs, na jibu ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaopaswa kufanana na ule wa tovuti kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Play Protect, kikaguzi cha Google kinachochunguza programu kwenye simu, iache ikiwa imewashwa. Ikilalamika kuhusu faili, usiizime ili upite. Tafuta faili jingine.

Nasisitiza haya kwa sababu simu yako ndiyo pochi yako. Namba ya M-Pesa iko humo, ujumbe wa benki unaingia humo, na namba za siri za mara moja zinasomwa humo. Programu yenye ruhusa ya kusoma SMS na kuona skrini haihitaji kingine.

Vipi kuhusu GB WhatsApp na ndugu zake?

Hizi ni WhatsApp zilizobadilishwa na watu wa nje, na sizishauri. Najua watu wanazipenda kwa kuona ujumbe uliofutwa na kuficha tiki za bluu. WhatsApp hufungia akaunti zinazozitumia, kwanza kwa muda, na ukiendelea kwa kudumu. Baya zaidi ni hili: Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo la FMWhatsApp limebeba Triada, mdudu anayeweza kupakua programu nyingine na kukuandikisha huduma za kulipia bila wewe kujua. Mwaka uliofuata wakakuta toleo la YoWhatsApp lenye mdudu wa jamii hiyohiyo, likiiba funguo za akaunti. Hakuna ofisi unayoweza kwenda kulalamika, kwa kuwa hakuna anayejulikana kuzitengeneza.

Nimetumiwa kiungo cha APK ya mikopo ya haraka.

Usiiweke. Mkopeshaji halali hana sababu ya kukwepa duka. Kenya, Google iliwataka wakopeshaji wa kidijitali waonyeshe leseni au uthibitisho wa Benki Kuu ndipo wabaki Play Store. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu za aina hii hujipa orodha ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa siku moja, mama mkwe na bosi wako wanapigiwa simu.

Simu yangu ni ya mkopo. Naweza kuweka APK?

Mara nyingi ndiyo, maadamu umelipa. Loki ya mkopo imewekwa ili kuizima simu malipo yakikatika. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ambao Safaricom na Google waliuanzisha Julai 2020, wa simu za 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, unatumia programu ya Google ya kufunga kifaa. Samsung wana Knox Guard kwa kazi hiyo. Zote zimekaa ndani ya mfumo na zimefungamana na namba ya IMEI, hivyo kuifuta simu irudi kama mpya hakuziondoi.

Baadhi ya wakopeshaji pia hufunga chaguo za wasanidi na vyanzo vya nje mpaka deni liishe. Ukikuta hivyo, subiri. Wanaojitangaza mtandaoni kuwa "wanatoa loki ya mkopo" mara nyingi hubadilisha mfumo wa simu au IMEI yake, na kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Kenya na Tanzania pia. Simu ikisha kuguswa hivyo, anayebaki nayo mkononi ni wewe, si fundi. Ukimaliza deni, dai loki iondolewe rasmi. Ni haki yako, na ihakikishe mwenyewe kabla hujamuuzia mtu mwingine.

Fundi anasema lazima aruti ndipo programu iingie.

Mwombe akuonyeshe kosa lenyewe linalotokea. Kuruti hakuhitajiki kusakinisha APK, na gharama yake ni kubwa. Kwenye Samsung, kuflashi (kuweka) mfumo usio rasmi kunaunguza fyuzi ya kielektroniki ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, na haitengenezeki tena. Folda Salama na malipo ya Samsung vinakufa moja kwa moja. Programu nyingi za benki hukagua hali ya simu kupitia Play Integrity, kipimo cha Google, na kukataa kufunguka.

Simu yangu ya Marekani inajipakulia michezo na programu nisizoziomba. Ni mdudu?

Kwa kawaida ni kazi ya kampuni ya simu yenyewe. Simu za mitandao ya Marekani huja na programu ya mfumo, zamani ikiitwa DT Ignite na kwenye nyingine Mobile Services Manager, inayosakinisha programu za waliolipia matangazo. Inakula bando lako hata ukiwa Mwanza na laini nyingine kabisa. Itafute kwenye orodha ya programu, ukiwa umewasha kuonyesha za mfumo, kisha uizime. Kitufe cha kuzima kikiwa kimefifia, adb inasaidia: tafuta jina lake la ndani kwa adb shell pm list packages, halafu

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.kifurushi

Amri hii inaiondoa kwako bila kuigusa nakala iliyo kwenye mfumo, na ukiifuta simu irudi kama mpya, itarejea. Usiondoe kitu usichokijua kwa jina. Ukikosea ukaondoa kinachoshughulikia laini au skrini ya mwanzo, utalazimika kuanza upya.

Programu imeingia, ila inakataa kupewa ruhusa ya ufikivu.

Ni ulinzi ulioanza na Android 13: programu ya nje hairuhusiwi kuomba ufikivu wala kusoma arifa mpaka ufungue maelezo yake, ugonge vidoti vitatu juu, na uruhusu mipangilio yenye vikwazo. Fanya hivyo kwa programu unayoijua tu. Ruhusa ya ufikivu inaona na kubonyeza kila kitu kwenye skrini.

Na iPhone?

Hadithi ni nyingine. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024, sheria ililazimisha Apple kukubali maduka mengine. Kwetu, kinachowezekana bila kudukua ni AltStore, njia ya kuweka programu za nje kwenye iPhone, na mfano wake: kwa akaunti ya bure, programu huisha muda kila siku 7 na unaweza kuwa nazo 3 tu kwa wakati mmoja.

Ni kweli Google inazuia APK?

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizothibitishwa nayo zitakubali programu za wasanidi waliojitambulisha kwake kwa jina halisi tu, hata kama programu inatoka nje ya Play Store. Utekelezaji ulipangwa kuanza Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. F-Droid walipinga, wakisema sharti hilo linaweza kuumaliza mradi wao, kwani programu zao nyingi zimeandikwa na watu wanaojitolea. Baada ya malalamiko, Novemba 2025 Google ilisema itaweka njia ya hatua kadhaa kwa wanaojua wanachofanya na kukubali hatari yake. Usakinishaji kwa adb ulisemwa utaendelea.

Mimi naunga mkono matapeli wabanwe, ila siungi mkono mtu wa Kigoma aliyeandika programu ya soko la kijijini kwao apeleke kitambulisho California kabla jirani yake hajaitumia. Kwa sasa, jifunze adb na uwe na F-Droid kwenye simu.